Uzi: Mlioona dalili kwamba watu hawajakata tamaa, semeni mlichokiona kwa macho

SpeaKirinyaga (mwanzisha uzi, Julai 2025)

Wadau, salamu.

Januari 2003 nilikuwa makanga wa 46, Kawangware hadi mjini. Siku hizo gari halina mikanda wala mstari wa njano, sheria za matatu za waziri Michuki zilikuja mwaka uliofuata. Kazi yangu ya kwanza asubuhi, kabla hata sijaita abiria, ilikuwa kukunja noti za hamsini. Unaikunja mara tatu mpaka inaenea chini ya kidole gumba, ukifika kwenye kizuizi unanyosha mkono kama unayemsalimia afande, mambo yanakwisha. Hesabu ya siku ilikuwa mafuta, tajiri, afande, halafu kinachobaki ndiyo tugawane mimi na dereva.

Wiki ya pili au ya tatu baada ya Kibaki kuapishwa tukasimamishwa pale Hurlingham. Nikanyosha mkono. Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango, ana gunia la sukuma wiki miguuni, akanidaka kifundo. Wala hakupiga kelele. "Kijana, hiyo rudisha mfukoni. Hayo mambo yaliisha." Nikadhani anatania, nikamwambia mama tutachelewa. Mzee mmoja nyuma, amevaa suti ya mitumba, akasema yeye hana haraka, siku yote ni yake. Kufumba na kufumbua gari limebaki tupu. Watu wamemzunguka afande, huyu anamuuliza jina, yule anasoma namba ya begani kwa sauti ili wenzake waikariri. Afande akacheka kile kicheko cha mtu asiyejua aiweke wapi mikono yake, akatupungia tupite. Nilining'inia mlangoni mpaka Yaya na ile noti bado iko kiganjani, imelowa jasho.

Halikuwa gari letu peke yake. Magazeti ya wiki zile yaliandika visa vya abiria kuwakamata trafiki waliokula hongo. Wenye umri wangu wanakumbuka pia Gallup, wale wa kura za maoni, walivyotutangaza Wakenya kuwa watu wenye matumaini makubwa kuliko wote duniani. Tulicheka, lakini hatukukataa.

Sasa niseme na upande wa pili, nisije nikaonekana nauza chai. Kufikia Agosti mwaka uleule nilikuwa nakunja noti tena.

Kilichonifanya nifungue uzi huu ni wiki hizi zilizopita. Juni 25 tumekumbuka waliouawa mwaka jana kwenye maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, tukaongeza wengine. Nyaya za miba Bungeni, televisheni zimezimwa mchana kweupe. Julai 7 barabara za kuingia mjini zimefungwa, na jioni yake tume ya haki za binadamu inahesabu maiti. Mpaka kesho yake walikuwa wamefika 31, mmoja ni mtoto wa miaka 12 aliyekuwa ndani kwao Kiambu. Hapa dukani Kirinyaga Road mazungumzo ni mawili tu, nani katekwa na nani kahama nchi. Hata wateja wa kawaida, mtu kaja kununua bushi ya Probox, anaongea kwa kunong'ona.

Kwa hiyo naomba kitu kimoja. Msiniletee hotuba, msiniletee fulani tosha. Niambie ulichokiona kwa macho yako, mwaka wowote, kilichokuonyesha kwamba watu wa kawaida wameanza kuamini tena kwamba jambo linaweza kubadilika. Kidogo tu kinatosha. Mimi nimeleta mkono wa yule mama.

Kiti_cha_Mbele

Nimeweka mkeka. Endeleeni.

MwalimuMkali

Nitakuwa mtu mbaya wa uzi huu, samahani mapema.

Umesema mwenyewe, Agosti ulikuwa unakunja noti. Na sisi tuliobaki tulikuwa tunakunja zetu. Mwaka 2004 kashfa ya Anglo Leasing ikafumuka, mwanzoni mwa 2005 Githongo, mkuu wa kupambana na ufisadi, akajiuzulu na kukimbilia Uingereza, Novemba kura ya maoni ya katiba ikatugawanya ndizi na machungwa, na mwisho wa 2007 wale wale "wenye matumaini kuliko wote duniani" wakaanza kuulizana kitambulisho barabarani ili wajue nani wa kukatwa. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia zile ilihesabu waliouawa 1,133. Nilikuwa Naivasha mwezi ule. Sitaki kusimulia.

Hasira yangu ni kwamba matumaini ya 2003 yalitufanya tulale. Tuliona kazi imeisha. Tukamkabidhi mtu mmoja, Kibaki, aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu kwa ajali, tukaenda nyumbani kusherehekea mwaka mpya. Yule mama wa sukuma wiki alisema nini? "Hayo mambo yaliisha." Nani alimwambia yaliisha? Usinionyeshe dalili ya kitu kilichokufa miezi saba baadaye.

SpeaKirinyaga

@MwalimuMkali sijakasirika. Ila alinishika mkono, mwalimu, na hakuna aliyemtuma. Hilo silo lililokufa. Kilichokufa ni mimi, nilipoona wakubwa wameanza kula nikaona mbona nijinyime.

MamaWaIdara

Wanangu, mimi huwa nasoma tu hapa, siandiki. Leo niacheni niandike.

Mwaka 1992 nilikuwa karani kwenye ofisi moja ya serikali, mwendo wa dakika kumi kutoka Uhuru Park. Ijumaa ya Februari 28 tukasikia kuna akina mama wa vijijini wamekaa kwenye nyasi kule pembeni mwa bustani, wanakataa kula mpaka watoto wao wafunguliwe. Wafungwa wa kisiasa walikuwa zaidi ya hamsini. Mama yake Koigi wa Wamwere, mmoja wa wafungwa hao, alikuwepo, na Wangari Maathai akakaa nao. Mnajua ofisi za wakati ule. Ukimtaja Moi unapunguza sauti hata kama unamsifu. Nyayo House tulipita mbele yake kila siku tukiangalia chini, kila mtu alijua kuna vyumba chini na hakuna aliyesema anajua.

Jioni ile ya Ijumaa nilipita kwa mbali. Watu walikuwa wanatembea haraka kuliko kawaida, kana kwamba nyasi zile zinawaka moto. Nami nikaharakisha. Nasema ukweli.

Jumamosi nikarudi na kitenge, ili nikiulizwa niseme nampelekea shangazi. Nikakuta watu wameanza kusimama. Hawasogei karibu, wanasimama. Jumapili baada ya ibada ndipo nikaona kitu. Mwanamume mmoja mwenye Biblia chini ya kwapa alikwenda akakaa chini kati ya wale mama, akaanza kusimulia kwa sauti alivyofanyiwa alipokamatwa. Mbele ya watu! Akaonyesha miguu. Alipomaliza akainuka mwingine. Mimi nilikuwa nimeishi Nairobi miaka kumi na mbili na sijawahi kusikia mtu akisema maneno yale nje ya nyumba yenye redio iliyofunguliwa kwa sauti. Watu walipanga foleni kuzungumza. Foleni, wanangu, kama ya unga.

Jumanne Machi 3 wakaja na marungu na gesi. Wangari alipigwa mpaka akazimia. Wale mama wazee wakavua nguo wakawageukia askari. Anayejua mila anajua hiyo ni nini. Ni laana ya mama kwa mwana. Nilikuwa ofisini, sikuona, nisiongeze chumvi. Nilichokiona ni jioni kwenye basi la Kenya Bus. Basi lote limenyamaza, halafu kijana mmoja wa askari, amevaa kiraia lakini viatu vinamtaja, alipanda akataka kukaa karibu na mzee mmoja. Mzee akainuka akasimama safari nzima. Hakuna neno lililosemwa.

Wale mama hawakukata tamaa. Walihamia kanisani, All Saints, chini kule, wakakaa karibu mwaka mzima. Nilikuwa napeleka uji kila Alhamisi. Birika langu la wakati ule bado ninalo.

BongoMsikilizaji

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili hapa Dar, na nimeona nisipite kimya.

Swali, wale watoto wao ilikuwaje?

Sisi huku tunawafuatilia sana Wakenya, nadhani kuliko mnavyojua. Mei hii Martha Karua na Willy Mutunga walipokuja kuhudhuria kesi ya Tundu Lissu, mpinzani wetu, wakarudishiwa uwanja wa ndege, kijiweni kwetu kuna mzee wa kahawa aliyesema, "Jamani, wenzetu wanakuja kutusikilizia kesi yetu na sisi tumekaa." Alisema kwa aibu, si kwa kujivuna. Wiki iliyofuata alifunga meza yake asubuhi moja. Tulipomuuliza, alisema alikwenda mahakamani kutazama. Hakuingia ndani, alisimama nje. Mzee ana miaka sabini na kitu na hajawahi kujihusisha na siasa zaidi ya kupiga kura. Sijui kama hiyo inahesabika mkuu @SpeaKirinyaga.

SpeaKirinyaga

Inahesabika. Tena sana.

MamaWaIdara

Marahaba mwanangu. Waliachiliwa kidogo kidogo. Kufikia mwanzoni mwa 1993 wengi wao walikuwa nje. Wakati ule watu wakubwa ofisini kwetu walisema ni huruma ya Rais. Mimi nilijua ni nani waliowatoa, nilikuwa naosha vikombe vyao.

Mzalendo_Halisi

Uzi wa kuchochea huu. Nchi ina amani nyinyi mnakumbuka mambo ya kale ili vijana wachome maduka ya watu. Mwenye uzi ana duka mjini, amesahau waliovunjiwa mwaka jana?

SpeaKirinyaga

Sijasahau, jirani yangu ni mmoja wao, walimbebea betri na taa zote. Tulimchangia. Vijana waliokuja kumsaidia kufagia vioo kesho yake walikuwa wametoka kwenye maandamano hayo hayo. Ukiwa na ulichokiona karibu, ukiwa na matusi kuna nyuzi zingine.

Kahawa_Chungu_Mombasa

Assalaam aleikum jamaa. Mie naleta ya barazani.

Mtaani kwetu Mji wa Kale kuna mabaraza ambayo watu huzungumza mpira, mirathi, na nani kaoa wapi. Siasa pia, lakini siasa yetu ilikuwa ya "wabara watatumaliza" na "nani atatupa hati". Hakuna mtu asomaye karatasi.

Juni mwaka jana, baada ya magharibi, nakuta barazani kimya. Katikati yuko kijana wa chuo, mjukuu wa mzee mmoja wetu, ana simu mkononi asoma. Asoma nini? Mswada wa Fedha 2024. Wallahi. Kifungu kwa kifungu, akisoma Kizungu kisha afasiri kwa Kiswahili, na akikwama kwenye neno watu wanasaidiana. Kodi ya mkate, asilimia 16. Mafuta ya kupikia, 25. Gari, asilimia 2.5 ya bei yake kila mwaka, isipungue elfu tano wala isizidi laki. Hapo kwenye gari wenye tuktuk wakaanza kupiga hesabu kwenye vifuniko vya kashata. Muuza kahawa kasimama na dele lake, kahawa yapoa.

Tarehe 18 serikali ikasema imeondoa mkate, imeondoa mafuta, imeondoa gari. Nikafikiri basi, baraza litarudi kwenye mpira. Nikaenda usiku ule nikamkuta yule mzee amemkalia mjukuu wake kooni. "Wameondoa hayo, vyema. Haya nisomee yaliyobaki." Kijana ataka kwenda kula, babu hamruhusu. "Yaliyobaki, nimesema."

Miaka yangu hamsini na mitatu mimi sijapata kumsikia mtu wa baraza letu akidai kusomewa yaliyobaki. Tulizoea ukitupiwa kipande unashukuru.

Tarehe 25 wabunge wakaupitisha, kura 195 kwa 106. Hapa Mombasa watu walijaa barabarani, na wake zetu na mabuibui yao. Kesho yake Rais akasema hatatia sahihi. Watu wanasema ni wale vijana walioingia Bungeni ndio waliouangusha. Mimi nasema waliuangusha pia wale waliosomewa.

UsikuWaDoha

Niko Doha, mlinzi wa usiku, kwa hiyo naandika saa hizi ambazo nyote mmelala.

Chumba chetu tuko wanane. Kitanda cha juu yangu analala jamaa wa Kisumu, mimi ni wa karibu na Eldoret, na wengine wametoka Murang'a, Kakamega, Kitui. Mwaka 2008 mimi nilikuwa darasa la sita na najua baba alificha jirani gani na hakuficha yupi. Huyu wa Kisumu naye ana yake. Miaka miwili tulilala juu na chini bila kuigusa hiyo habari.

Juni 25 mwaka jana intaneti ya nyumbani ikawa inakatika. Nikashindwa kumpata dada yangu aliyekuwa mjini Nairobi. Jamaa wa juu akashuka, akakaa nami sakafuni mpaka saa kumi alfajiri, kila mmoja anabonyeza simu yake. Tulipompata dada, alikuwa kwenye hospitali moja, si mgonjwa, anawashikia watu chupa za dripu. Akasema madaktari wamekuja wenyewe, hawalipwi, na bili zinachangwa kwa simu. Tukachanga humo chumbani riyali kwa riyali. Kijana wa Kitui alikuwa hajalipwa miezi miwili na mwajiri wake, alitoa ishirini. Nilimkatalia. Akaniambia, "Usininyime."

Baada ya hapo ndipo yule wa Kisumu aliponiambia habari ya mjomba wake, mwaka 2008. Nami nikamwambia ya baba. Basi, zamu imeanza, nimeitwa getini.

Kiti_cha_Mbele

Nimetoka kwenye mkeka. Huyu wa Doha amenitoa machozi kazini, na bosi anaona.

WakiliWaBenchi

Mimi si wakili mkubwa, nilikuwa mwaka wangu wa mafunzo. Mwaka jana, wakati wa maandamano, tuligawanywa vituo vya polisi kwa zamu kupitia orodha za wanasheria wa kujitolea. Kazi yenyewe haina mbwembwe. Unafika kaunta, unaomba kitabu cha matukio, unaambiwa hakipo, unasema utakaa. Unauliza majina, unaambiwa hakuna aliyeshikwa, na huku unasikia vijana wanaimba ndani. Ukipata namba ya OB, yaani ya kitabu hicho, umeshinda nusu ya vita, maana aliyeandikwa ni vigumu kupotea. Tulikuwa tunasema hivyo kama mzaha. Mwaka ulipoisha, waliotekwa tangu Juni wakiwa wamepita themanini kwa hesabu ya tume, haukuwa mzaha tena.

Usiku mmoja, sitataja kituo, saa saba hivi, nilimkuta mama mmoja kwenye benchi la nje. Ana thamosi mbili kubwa na vikombe vya plastiki. Nikatoa daftari nikamuuliza wake anaitwa nani nimtafute.

"Sina wangu," akasema. "Wangu wako nyumbani wamelala. Nimeleta chai."

Nikamuuliza amejuaje kuna watu humu. Akasema aliona orodha ya vituo kwenye simu ya binti yake, akachagua kilicho karibu. Alimpa chai hata askari wa kaunta. Saa tisa askari yule, hatukuwa tumemwomba tena, alitoa kitabu akakiweka mbele yangu akageuka kutazama ukuta. Majina kumi na saba.

Siwezi kusema ni chai. Inawezekana alichoka tu, zamu zilikuwa ndefu. Lakini nilikuwa nimekaa pale muda wa saa tano na Kifungu changu cha 49 cha Katiba, haki za aliyekamatwa, na hakunipa kitu.

MwalimuMkali

Haya. Sikutaka kurudi lakini huyu wa thamosi amenichokoza.

Nilikuwa Nakuru Aprili hii, tamasha la kitaifa la drama. Shule yangu ilikuwa na shairi la kikundi, lilitoka la sita, tuache. Mnajua kilichotokea kwa wasichana wa shule ya Butere. Mchezo wao ulikataliwa, wakaenda mahakamani, Mahakama Kuu ikaamuru waruhusiwe. Walipofika mwandishi wa mchezo kakamatwa, waandishi wa habari wanafukuzwa kwa gesi, na gesi ile inaingia mpaka walipo watoto wa shule nyingine, wangu wakiwemo. Niliwafunga vitambaa vyenye maji puani. Watoto wa miaka kumi na tano.

Asubuhi ya tarehe 10 wale wasichana waliitwa jukwaani, hakuna vipaza sauti, hakuna hadhira. Wakaimba wimbo wa taifa wakashuka. Mimi sikuwa ndani, na nimeambiwa hapa tulete tulichokiona, kwa hiyo siwezi kuwasimulia ya ukumbini. Nitawaambia niliyoyaona shuleni kwangu.

Muhula wa pili ulipofunguliwa, Jumatatu, gwaride la asubuhi. Nina miaka kumi na tisa ya kusimama kwenye gwaride. Wimbo wa taifa kwa watoto wetu ni kama kupiga mswaki. Ubeti wa kwanza wanaimba, wa pili wanamumunya, wa tatu anaimba kiranja na mwalimu wa zamu. Jumatatu ile waliimba beti zote tatu, maneno yote, kidato cha kwanza mpaka cha nne, na hakuna aliyewaambia. Mwalimu mkuu alikuwa amenyanyua mkono awakatishe baada ya ubeti wa kwanza, kulikuwa na baridi na matangazo mengi. Akaushusha.

Wanaendelea mpaka leo. Nimejaribu kutafuta nani alianzisha, ili nijue kama nimwadhibu au nimpe zawadi. Hakuna anayesema.

Bado nasema 2003 mlituponza. Lakini hili la kwaride, mnisamehe, gwaride, nimelibeba miezi mitatu bila kumwambia mtu, kwa sababu niliogopa nikilisema litakwisha.

Kahawa_Chungu_Mombasa

Mwalimu, karibu barazani ukija likizo. Kahawa juu yangu.

Mpiga_Hesabu

Yote mazuri, na kura je? Makamishna wa IEBC, tume ya uchaguzi, wameapishwa Julai 11, baada ya zaidi ya miaka miwili tume ikiwa haina makamishna. Uchaguzi ni Agosti 10, 2027. Vijana wakilia mitandaoni halafu wasijiandikishe, hizi thamosi na mabaraza zitakuwa hadithi za kusimulia wajukuu.

WakiliWaBenchi

@Mpiga_Hesabu uko sawa, ila usitenganishe. Wale waliokaa barazani wakasoma mswada ndio watakaokaa kituoni kulinda fomu. Anayeambiwa kila siku kwamba siasa si kazi yake hata kura hataenda kupiga.

Mzalendo_Halisi

Nimesoma uzi wote. Sikubaliani na siasa zenu. Lakini kwa kuwa mmeomba tulichokiona, Novemba iliyopita kanisani kwetu padri alisoma tangazo la jimbo kwamba Jimbo Kuu la Nairobi limekataa michango ya wanasiasa, hata ile ya Rais. Mimi ni wa kamati ya ujenzi na nilikasirika, kwa sababu paa letu linavuja na tulikuwa na mheshimiwa wetu aliyeahidi mabati. Nilitegemea watu wanung'unike. Mama mmoja wa jumuiya, hana kitu kabisa huyo, anauza makaa, akasimama na kusema tuanze na bati moja moja. Tumefikisha mabati arobaini. Paa bado linavuja upande wa kwaya. Ndilo nililoliona.

SpeaKirinyaga

@Mzalendo_Halisi asante kaka. Nitumie namba ya paybill ya kanisa kwa ujumbe wa siri, bati moja ni langu.

Nimesoma yote leo dukani, wateja wakinisubiri. Mama wa birika, Mungu akuweke. Wa Doha, dada yako anaendeleaje?

Nami nina la kuongeza, la juzi Jumatatu. Nilipanda 46 asubuhi, gari langu liko gereji. Makanga ni kijana mdogo, anaweza kuwa mwanangu. Tumefika karibu na mahali pale pale, Hurlingham, afande akanyosha mkono. Kijana akatoa noti, siku hizi ni mia, ameikunja vile vile. Nilijua ule mkunjo. Mimi nilinyamaza, nikiri. Miaka ishirini na miwili na nilinyamaza.

Msichana wa shule aliyekaa mbele yangu, ana begi kubwa kuliko mgongo wake, akauliza kwa sauti ya kawaida tu, "Hiyo ni ya nini?"

Makanga akasema ya chai.

"Si umtumie kwa M-Pesa, upate ujumbe?"

Gari likacheka. Afande alikuwa dirishani na alisikia. Aliichukua ile mia, asiichukue vipi. Lakini aliichukua akiangalia barabara, na gari liliondoka kabla hajagonga bati kuturuhusu.

UsikuWaDoha

Dada yuko salama mkuu. Amerudi kazini.